Nguruwe wa Mbulu na Mama Anayembebea Maji

Barabara itokayo Karatu kwenda Mbulu mjini, mwendo wa kama kilomita 80, hupanda na kushuka katika nchi ya vilima vilivyolimwa mpaka kileleni. Kuna mahindi, maharage na ngano, na penye bonde lenye maji kuna vitunguu saumu, ambavyo harufu yake huingia ndani ya basi hata madirisha yakifungwa. Baridi ya huko si ya mchezo. Mwezi wa Julai akina mama wa Mbulu hujifunika mashuka mazito tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa juu, na sisi tuliotoka Moshi na vitenge vyetu viwili viwili tulitetemeka hata wenyeji wakatuonea huruma.

Hatukwenda kutalii. Akina mama wa usharika wetu walialikwa na wenzao wa huko kuzungumza habari za afya ya familia kwa siku nne. Kwa kuwa mimi ni muuguzi, nilipewa mada ya minyoo na kifafa. Mada hiyo huko Mbulu huwezi kuizungumza bila kumtaja nguruwe. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, makala haya ni ya nguruwe. Wewe ambaye humli usifunge gazeti, maana habari hii inakuhusu hata kama kitimoto hakijawahi kuingia jikoni kwako.

Mbulu ni nchi ya Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu. Ni wakulima na wafugaji hodari, na zamani walijulikana kwa tembe zao zilizochimbwa nusu ndani ya ardhi. Wilaya hiyo ilikuwa katika Mkoa wa Arusha mpaka 2002, ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara. Kwa watu hawa ng'ombe ndiye mwenye heshima, na hauzwi ovyo. Nguruwe ni mnyama wa shida ndogo ndogo. Huuzwa mtoto anapotakiwa sare ya shule, au mgonjwa anapotakiwa kupelekwa hospitali ya Haydom, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, ikafunguliwa 1955. Katika boma moja utakuta nguruwe mmoja au wawili, mara chache zaidi ya watatu. Na ukiuliza nani anamlisha, utaonyeshwa mama.

Kabla sijaendelea, nieleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu hata watu waliosoma huukoroga. Tegu wa nguruwe ni mnyoo bapa, mrefu kama utepe, mita mbili mpaka saba, anayekaa katika utumbo wa mtu. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yenye vijifuko vyeupe kama punje za mchele. Akishakaa tumboni, mnyoo huyo hutoa mayai yanayotoka pamoja na choo kikubwa. Nguruwe anayezurura hukila kinyesi hicho, na mayai yanageuka kuwa vijifuko katika nyama yake. Hapo mzunguko umekamilika. Lakini kuna njia ya pembeni, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga au kwa maji, vijifuko vinaweza kujijenga ndani ya mwili wa mtu, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Kwa hiyo kifafa hiki hakitokani na kula nyama ya nguruwe moja kwa moja. Kinatokana na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mtu asiyewahi kuonja nguruwe anaweza kukipata kutoka kwa jirani yake, au kwa mpishi wake.

Madaktari wa Haydom na wenzao kutoka Ulaya waliwapima kwa mashine ya kupiga picha za ubongo watu 212 wenye kifafa, na matokeo yakachapishwa 2009. Watu 38 kati yao, yaani asilimia 18 hivi, walikuwa na alama za ugonjwa huu wa vijifuko kichwani. Kwa watu wasio na kifafa waliopimwa, alama hizo zilikuwa nadra sana. Katika miaka yangu wodini nimewafunga vidonda watoto walioangukia mekoni kifafa kilipowapata, na nimewasikiliza mama zao wakisema kwamba ukoo wa baba umeloga. Kifafa kina dawa, mama mwenzangu. Hutolewa hospitali, humezwa kila siku bila kuruka, na wengi huishi vizuri. Lakini afadhali zaidi kingezuiwa kule kinakoanzia.

Sasa kinaanzia wapi? Hapo ndipo ilipo kazi ya mwanamke mmoja ambaye ningependa wasomaji wetu wamjue. Profesa Helena Ngowi ni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Yeye na wenzake walizunguka vijiji 21 vya Mbulu wakiwapima nguruwe 770. Upimaji wenyewe ni ule ambao wanunuzi wa nguruwe wameujua siku nyingi. Mnyama hulazwa chini, hutiwa kijiti mdomoni ili asiume, ulimi huvutwa kwa kitambaa, kisha hupapaswa kwa vidole kutafuta vinundu. Kelele zake husikika kijiji kizima. Matokeo yalichapishwa 2004. Kwa wastani nguruwe 17 katika kila 100 walikuwa na vinundu, na katika kijiji kimoja ilikaribia nusu. Kipimo cha ulimi huwakamata wale tu walioathirika sana, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Tena ikaonekana kwamba nguruwe wanaoachiwa kuzurura walikuwa hatarini kuliko waliofungiwa.

Mpaka hapo hakuna jambo la kushangaza. La kushangaza lilikuja baadaye. Watafiti hao walichukua vijiji 42, wakavigawa kwa kura. Vingine vikapewa elimu ya afya kuhusu tegu, choo, upikaji wa nyama na kumfungia nguruwe bandani, na vingine vikasubiri. Baada ya muda walirudi kuuliza na kutazama. Watu waliofundishwa walikuwa wamejua zaidi, na walisema wamepunguza kula nyama yenye vijifuko. Nguruwe walioambukizwa upya walipungua kwa kiasi cha asilimia 43 ukilinganisha na vijiji visivyofundishwa. Lakini walipotazama vyoo na mabanda, hawakuona badiliko la maana. Watu walikuwa wamejifunza, na nguruwe walikuwa bado nje.

Nimeufikiria sana utafiti huo tangu nilipousoma. Wapo wanaousoma kama habari njema, kwa sababu ya ile asilimia 43, na kweli ni njema. Dhana yangu ni kwamba yalifanyika mambo madogo yasiyohesabika kirahisi, kama kunawa, au kumzuia mtoto asijisaidie pale nguruwe wanapopita. Lakini mimi hunivuta zaidi lile la pili. Mtu anajua, anaitikia, hata anaweza kukurudishia somo lote neno kwa neno, lakini asubuhi anamfungua nguruwe. Wataalamu wengi wakifika hapo husema, 'Wananchi ni wagumu.' Neno hilo silipendi. Nimelisikia likisemwa juu ya akina mama wasiokuja kliniki, na mara nyingi nikifuatilia nakuta mto umefurika.

Siku ya pili ya ziara yetu, mama mmoja mwenyeji alinichukua nyumbani kwake nimwone nguruwe wake. Alikuwa jike mweusi mwenye mimba, amefungwa kamba ya nailoni mguu wa nyuma kwenye mti wa mkaratusi. Pale kamba ilipozunguka palikuwa na kidonda kibichi, na harufu ya usaha hainipotei mimi. Ardhi aliyoizunguka ilikuwa imegeuka tope lililochanganyika na mavi yake, na sufuria ya maji ilikuwa imepinduka. Tuliosha kidonda kwa maji ya chumvi, kamba tukaihamishia kifuani na mabegani, ambako haikati. Nikamwuliza alimfunga tangu lini. Akasema tangu walipofundishwa mkutanoni kwamba nguruwe asizurure. Kisha akaniambia neno ambalo niliona limebeba utafiti wote.

'Nesi, nikimfungua anakula kinyesi. Nikimfunga, anakula nini?'

Tukae kidogo hapo kwenye swali lake. Nguruwe anayezurura hazururi kwa ukaidi. Huko magharibi ya Kenya watafiti waliwavisha nguruwe kumi mikanda yenye vyombo vya kupokea ishara za setilaiti ili wajue wanakokwenda. Matokeo yalichapishwa 2013. Kwa saa 12 nguruwe mmoja alitembea kwa wastani zaidi ya kilomita nne, na karibu nusu ya muda wake aliutumia nje ya boma la mwenyewe. Kilomita nne kila siku kutafuta mizizi, minyoo ya ardhini, maganda, makombo na, ndiyo, kinyesi. Katika Luka sura ya 15 mwana mpotevu alitamani kushiba maganda waliyokula nguruwe. Mbulu mwezi wa Septemba nguruwe wenyewe wanayatamani maganda hayo, na maganda hayapo.

Ukimfungia, kazi yote ile ya kilomita nne inahamia kwako. Nguruwe mkubwa huhitaji kama kilo mbili za chakula kikavu kwa siku, na anayenyonyesha huhitaji mara mbili ya hapo. Mama yule alinionyesha alichonacho: pumba za mahindi nusu debe za kumfikisha Jumapili, na machicha ya pombe kwa jirani endapo jirani atapika. Na hapa nicheke kidogo kwa niaba ya taaluma yangu. Sisi wauguzi tunawahimiza akina mama walishe watoto ugali wa dona, kwa sababu una lishe kuliko sembe. Anayesaga dona hana pumba. Kwa hiyo afisa mifugo anasema, 'Mpe pumba,' na muuguzi anasema, 'Saga dona,' na wote wawili wanamwambia mama yule yule, kwenye debe lile lile la mahindi.

Maji ndiyo yaliyonigusa zaidi. Nguruwe anayekua hunywa lita tano mpaka kumi kwa siku. Mama nguruwe anayenyonyesha anaweza kumaliza lita 20 na zaidi, na asipopata maziwa hukauka. Lita 20 ni ndoo moja. Kisima cha mama huyu kiko mwendo wa nusu saa chini ya kilima, na kurudi ni kupanda. Nguruwe anayezurura hujitafutia maji kijitoni. Nguruwe wa bandani anangoja kichwa cha mwanamke.

Wanaosema, 'Jenga banda, mfungie, basi,' hawajahesabu ndoo hiyo.

Kuna mengine ambayo mfugaji wa nyumbani haambiwi. Nguruwe hatoi jasho kama sisi, kwa hiyo juani huteseka, na matope anayojigaragaza ni dawa yake ya joto wala si upenzi wa uchafu. Akipewa nafasi hachafui anapolala, bali hutenga pembe yake ya choo, jambo ambalo baadhi ya vijana wa nyumbani kwangu hawajalifikia. Jike akikaribia kuzaa hutafuta majani makavu na kutengeneza kiota, anachimba kwa pua, anakusanya, anapanga. Akiwa amefungwa mguu au amebanwa kwenye banda tupu la mbao, hawezi, naye huhangaika usiku kucha. Mama yeyote aliyewahi kupanga nguo za kichanga akingoja siku zake ataelewa. Vitoto vyenyewe huzaliwa bila mafuta ya kuwakinga na baridi. Siku za kwanza huhitaji joto la nyuzi 30 na zaidi, na Mbulu ya Julai haina joto hilo hata mchana. Bila majani makavu ya kutosha hujibana chini ya mama yao kutafuta joto, naye akigeuka huwalalia.

Halafu kuna damu. Maziwa ya nguruwe yana madini ya chuma kidogo sana. Vitoto vinavyozurura na mama yao huyapata kwa kula udongo. Vikifungiwa kwenye sakafu ya saruji au mbao, baada ya wiki mbili tatu huwa vyeupe masikioni, vinapumua kwa shida, vinadumaa. Ni upungufu wa damu ule ule tunaoutafuta kliniki kwa kufunua kope la mjamzito. Mkulima mwenye uwezo humwita mtaalamu achome sindano ya chuma siku za mwanzo. Asiye na uwezo anaweza kuwatupia udongo mwekundu safi, uliochimbwa mbali na vyoo na mahali wanapopita nguruwe wengine. Akina mama walipenda sana habari hiyo. Nadhani ni kwa sababu haikuwa na bei.

Nisieleweke kwamba natetea kuzurura. Hata kidogo. Nguruwe anayezurura anakula mayai ya tegu, anaharibu mashamba na kuleta ugomvi wa majirani, anapigwa mawe, na homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia, ambayo haina tiba na huua karibu wote, yeye ndiye anayeibeba toka boma hadi boma. Ninachosema ni kwamba kumfunga si sawa na kumtunza. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mnyama mwenye njaa aliyefungwa mguu wenye kidonda hana ustawi, hata kama hali kinyesi tena. Wala hatakaa amefungwa. Njaa ikizidi atalia, mwenye nyumba atachoka na kelele, na usiku kamba itakatwa. Ndipo mtafiti atakaporudi na kuandika kwamba elimu haikubadili tabia.

Wala si sisi Waafrika peke yetu. Nimesoma kwamba Ulaya, kwenye mashamba yenye maelfu ya nguruwe, wakulima hukata mikia ya vitoto ili wasije wakatafunana. Nguruwe hutafunana mikia wanapobanwa bila kitu cha kuchimba wala kutafuna. Tangu miaka ya 1990 sheria za Umoja wa Ulaya zimekataza kukata mikia kama desturi, lakini katika nchi nyingi imeendelea kukatwa. Sweden na Finland hazikati, na nguruwe wao wanafugwa. Watafiti walipokaa na wakulima wa kwingineko waliambiwa mambo ambayo mama wa Mbulu angeyaelewa mara moja: majani makavu ya kuwapa yanaziba mifereji ya kutolea mavi, bei ya nyama hairudishi gharama, na mkulima akiacha mikia halafu wakatafunana, hasara ni yake peke yake. Na jike wa huko alikaa miaka mingi katika kizimba asichoweza hata kugeuka, mpaka kuanzia 2013 sheria yao ikapunguza muda huo ubaki wiki nne za mwanzo wa mimba na siku za kuzaa na kunyonyesha. Watu wenye maji ya bomba na umeme nao walihitaji sheria, muda na fedha. Mama wa kisima cha nusu saa anapewa siku moja ya semina.

Siku ya tatu tulizungumza wenyewe kwa wenyewe chini ya mti, bila mada. Niliwauliza, nani anaamua nguruwe afunguliwe? Kicheko. Wanamfungua wao, kwa sababu wao ndio wanaosikia akilia. Nani anaamua auzwe? Hapo hapakuwa na kicheko. Uganda, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ambayo makao yake makuu yako Nairobi ilipochunguza ufugaji wa nguruwe vijijini, ilikuta mara nyingi mambo ya namna hiyo: kazi ya kila siku iko mikononi mwa wanawake na watoto, na mauzo yako mikononi mwa baba. Mama mmoja mzee alisema kwamba banda ni mbao, mbao ni fedha, na fedha ya nguruwe hajawahi kuiona inakwenda kwenye nguruwe. Mwingine akaongeza la choo. Kuchimba shimo la choo ni kazi ya mwanamume, na choo chao kilibomoka mvua za mwaka jana. Katika semina zote alizowahi kwenda, walioitwa ni akina mama.

Basi wakaomba baba zao waitwe. Jumapili baada ya ibada wanaume kama ishirini walibaki. Niliwaeleza tegu kama nilivyowaeleza ninyi, na picha ya ubongo nikaichora kwa chaki. Walisikiliza vizuri. Kisha mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akasimama akasema kwa upole, 'Haya yote ni mazuri, nesi, lakini huku kwetu nguruwe ni wa akina mama.' Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma, 'Na fedha yake ni ya nani, baba?' Wanaume wenyewe ndio waliocheka kwanza, na mzee akakaa.

Baada ya hapo mazungumzo yakawa ya watu wazima. Hawakukubaliana kila kitu. Waliona kumfungia nguruwe mwaka mzima bado hawawezi, ila tangu mahindi yanapopandwa mpaka yanapovunwa tayari wengi huwafunga ili wasiharibu mashamba. Walichotaka ni kuyafanya mafungo hayo yawe ya kibinadamu: banda dogo la pamoja kwa boma mbili tatu, lenye kivuli na majani makavu, na kamba, ikibidi, iwe ya kifuani. Viazi vitamu vipandwe kando ya mashamba kwa ajili ya majani yake, ambayo nguruwe huyapenda. Anayekamua alizeti aangaliwe kama anaweza kuwauzia mashudu kwa deni. Vijana wa kwaya walijitolea kuchimba mashimo manne ya vyoo, wakianza na boma la yule mama mzee, na mwenye nyumba alete mbao za kufunikia. Kuhusu fedha ya mauzo, mzee mwenye kofia alipendekeza mwenyewe kwamba kwa kila nguruwe atakayeuzwa, sehemu fulani ibaki kwa mama kwa ajili ya chakula cha nguruwe atakayefuata. Ilibishaniwa sana ni sehemu gani. Wengine walisema robo, akina mama walisema nusu, na jambo hilo liliahirishwa.

Yule jike mweusi alizaa wiki mbili baada ya sisi kuondoka, vitoto tisa, na habari ililetwa Moshi na dereva wa basi. Mama alikuwa amemwekea majani makavu ya ngano kwenye kona ya zizi la ng'ombe, na jike aliyapanga mwenyewe. Wawili walikufa kwa kulaliwa usiku wa kwanza, saba wakabaki. Kidonda cha mguu kilikuwa kimefunga.

Ila suala la maji hatukulipatia jibu. Tuliondoka Mbulu mwisho wa Julai, kisima kikiwa bado kinatosha. Wenyeji walituambia kwamba kufika Septemba foleni huanza saa tisa usiku, na kila mwenye ndoo hupewa zamu mbili tu. Mama yule ana watoto wanne nyumbani. Mmoja wa wanaume alisema angeweza kutengeneza mkokoteni wa punda wa kuchukua madumu, kama angepata magurudumu, na jina lake liliandikwa kwenye daftari la mkutano, pembeni likawekwa neno 'magurudumu' na alama ya kuuliza.